Desturi ya Leta katika kutumia silaha: mafundisho ya Masisi na Walikale

Katika parokia za Masisi na Walikale, ulizo moja linarudi kila mara mdomoni mwa wakristu. Wanaliuliza kisha misa, wanaliuliza katika mikutano ya jumuiya, na mara nyingi ni katekista anayelipokea wa kwanza, kwani yeye anakaa kijijini pamoja na watu. Ulizo lenyewe ni hili: «Leta ina askari wake na majenerali wake, ina vifaru na ndege. Juu ya nini inakubali vijana wetu, wasio na mshahara wala mafundisho, wapigane mahali pa askari?»

Wengine wanajibu upesi: ni rushwa, ni ubaya wa wakubwa. Rushwa ipo, hatukatai. Lakini jibu hilo halitoshi. Tangu mwaka 1960 inchi yetu imebadilisha wakubwa, imebadilisha jina, imebadilisha bendera, na jina la jeshi limebadilika mara nyingi. Hata hivyo namna ya kutumia silaha imebaki karibu ile ile. Kitu kinachobaki wakati watu wanapita, wazee wetu wanakiita desturi. Tunataka kueleza hapa desturi hiyo ni nini, ilitoka wapi, na juu ya nini yule anayefundisha watu anapashwa kuifahamu.

I. MAANA YA NENO

Mwaka 1977 mtaalamu mmoja wa Marekani, Jack Snyder, aliandika juu ya wakubwa wa Urusi ya wakati ule na silaha zao za atomiki. Wenzake wengi walidhani kwamba watu wote wenye akili, wakipewa silaha zile zile, watazipima kwa hesabu ile ile. Snyder aliwaonyesha kwamba sivyo. Kila inchi ina kumbukumbu zake, hofu zake na mazoezi yake. Na shida ikifika, inakimbilia kwanza njia iliyoizoea. Tangu siku hizo wataalamu wanasema habari ya desturi ya inchi katika mambo ya vita. Sisi tutaiita kwa kifupi desturi ya vita.

Tutoe mfano. Homa ikiingia katika nyumba mbili, moja inamkimbiza mtoto kwenye dispanseri, ingine inatafuta mizizi kwanza. Homa ni moja, akili ya wazazi ni moja, lakini mazoezi ya nyumba ni mawili. Vile vile na Leta. Mbele ya adui mmoja, Leta moja inatuma jeshi mpaka mpakani, ingine inamwita rafiki wa mbali, ingine inagawa bunduki vijijini.

Tuangalie tusikosee hapa. Desturi si damu. Hatusemi kwamba taifa fulani limezaliwa hivi au vile, maana hayo ni maneno ya chuki, na tumeona katika inchi zetu yalivyoua. Desturi inafundishwa, basi inaweza kufundishwa upya.

Ili kuijua desturi ya vita ya Leta yoyote, yafaa kuuliza maulizo matatu: Leta inamwogopa nani? Nani anabeba silaha kwa jina lake? Na askari wake anakula wapi?

II. LETA INAMWOGOPA NANI?

Jeshi la kwanza la Kongo, Force Publique, lilianzishwa na Leta ya mfalme Leopold wa Pili katika miaka iliyofuata 1885. Kazi yake ya kila siku haikuwa kulinda mipaka. Ilikuwa kuwatiisha wakaaji: kuwalazimisha kuleta mpira na kodi, na kuzima maasi. Lilikuwa jeshi na polisi kwa wakati mmoja. Kweli, lilipigana hata inje, na mwaka 1916 liliuteka mji wa Tabora kwa Wajerumani. Lakini kwa mtu wa kijijini, askari alikuwa yule aliyemjia yeye, si yule aliyesimama mbele yake kumkinga. Na kwa desturi askari hakuachwa kwao. Alipelekwa mbali, kati ya watu wasiosema luga yake.

Mwaka 1960, siku ya uhuru, jeshi hilo halikuwa na ofisa Mkongomani hata mmoja. Siku chache kisha, mwanzoni mwa mwezi wa 7, askari waliasi. Mkubwa wao, jenerali Janssens, alikuwa ameandika ubaoni mbele yao kwamba mambo ya mbele ya uhuru ni sawasawa na mambo ya kisha uhuru. Alitaka kuwatuliza, aliwasha moto.

Tarehe 24 mwezi wa 11 mwaka 1965, Mobutu alikamata utawala kwa nguvu ya jeshi. Lakini yeye aliyepanda kwa ngazi hiyo anajua kwamba mwingine anaweza kuipanda pia. Basi silaha nzuri na mshahara mzuri vikaenda kwa walinzi wake, Divisheni ya Prezidenti, na vikosi vingine vikaachwa vikijitafutia. Mwaka 1991, na tena mwaka 1993, askari wasiolipwa waliupora mji wa Kinshasa.

Ndilo jibu la ulizo la kwanza. Leta yetu ilizoea kuwaogopa wakaaji wake, halafu ikazoea kuwaogopa askari wake. Leta ya namna hiyo haitaki kweli jeshi lenye umoja na nguvu. Inaona salama zaidi kuwa na vikosi vingi, vinavyoviziana.

III. NANI ANABEBA SILAHA?

Leta isiyoliamini jeshi lake inatafuta bunduki ya mwingine. Mwaka 1964, Wasimba walipoukamata mji wa Stanleyville, Leta iliwaita askari weupe wa kukodishwa, wale mamersenere, na Wabeljiji wakateremsha askari wao kwa ndege. Miaka mitatu nyuma, mwaka 1967, mamersenere hao hao, wakiongozwa na Jean Schramme, waligeuka na kuukamata mji wa Bukavu. Katika vita vya Shaba, mwaka 1977 waliitwa Wamaroko, mwaka 1978 wakaja Wafaransa na Wabeljiji. Mwaka 1998 Laurent-Désiré Kabila aliokolewa na majeshi ya Angola, Zimbabwe na Namibia. Kati ya 2022 na 2025 tuliona Kivu ya Kaskazini askari wa Afrika ya Mashariki, halafu wale wa Afrika ya Kusini, Tanzania na Malawi, na tena Waromania wa kukodishwa. Goma ilipoangukia mikononi mwa M23, mwishoni mwa mwezi wa kwanza mwaka 2025, Waromania hao walirudishwa kwao kwa njia ya Rwanda.

Bunduki za mbali ni za gari na ndege. Zinafika penye barabara. Sasa tuingie milimani, mahali barabara inapoishia. Masisi ni inchi ya malisho na mashamba, yenye watu wengi sana. Tangu mwaka 1937 Wabeljiji walileta huko jamaa nyingi kutoka Rwanda, na shauri la udongo na la usultani kati yao na Bahunde halikumalizika vizuri. Walikale ni pori kubwa, teritwari iliyo pana kupita zote za Kivu ya Kaskazini, yenye njia chache, inchi ya Banyanga, Bakano na wengine. Mwezi wa 3 mwaka 1993, sokoni Ntoto katika Walikale, vijana wenye silaha waliwashambulia Banyarwanda. Moto ukaruka mpaka Masisi. Maelfu ya watu walikufa, na watu wa kila kabila wakawa wakimbizi. Mobutu alipeleka walinzi wake, na kwa muda pakatulia. Lakini fikira moja ilibaki vijijini: kila kabila linapashwa kuwa na bunduki zake.

Mwaka 1996, kisha wakimbizi na askari wa zamani wa Rwanda kumiminika katika Kivu, jeshi la Zaire lilifanya huku kazi mbili za vita. Moja iliitwa Kimia, ndiyo kusema amani kwa kilingala. Ya pili Mbata, ndiyo kusema kofi. Kofi lilifika kwa wakaaji, amani haikufika. Kisha, katika vita vya 1998 mpaka 2003, Kinshasa iliwapa Mai-Mai silaha ili wapigane na RCD iliyotawala Goma. Hapo desturi ilikamilika: Leta iliyokuwa mbali ilipigana kwa mkono wa mwanakijiji.

Na mwisho wa vita, mkono huo unalipwa na nini? Unalipwa na vyeo. Mwaka 2007 vikosi vya Laurent Nkunda vilichanganywa na vya Leta bila kuondoka Kivu. Mwaka ule ule vikapigana tena, na mwezi wa 12 Mushake, katika Masisi, ilikamatwa na jeshi na kupotea tena kwa siku chache. Tarehe 23 mwezi wa 3 mwaka 2009 ulifanywa mkataba, na waasi wakaingia katika jeshi. Bosco Ntaganda, aliyekuwa akitafutwa na korti ya La Haye, akawa jenerali. Mwaka 2012 aliasi tena pamoja na wenzake, na tarehe ya mkataba ule ikawa jina lao: M23. Vijana wa milimani waliliona somo hilo bila kitabu. Mkulima anaomba daraja miaka ishirini, hapati. Anayechukua bunduki anaitwa mezani katika mwaka mmoja.

Mwezi wa 5 mwaka 2022, M23 waliporudi vitani, wakubwa wa vikundi vingi walikutana Pinga, katika Walikale, na kupatana kutopigana tena wao kwa wao. Kati yao walikuwa watu waliouana miaka mingi, na mmoja, Guidon Shimiray, alikuwa akitafutwa na korti ya kijeshi ya Kongo yenyewe. Walikuja kuitwa Wazalendo. Mwaka 2023 sheria ilitengeneza jeshi la akiba, ili kuwapa vijana wa namna hiyo fasi ndani ya ulinzi wa inchi.

Tufahamu ugumu wake. Katiba ya mwaka 2006, katika neno la 63, inasema kulinda inchi ni haki na wajibu mtakatifu wa kila Mkongomani. Lakini neno la 190 linakataza mtu yeyote kutengeneza vikosi vya silaha vya pembeni au kuwapa vijana silaha, na linahesabu jambo hilo kuwa usaliti mkubwa. Mzalendo anasimama kati ya maneno hayo mawili. Vita vikienda vizuri, anaitwa kwa neno la 63. Siku akichokwa, anaweza kuhukumiwa kwa neno la 190.

IV. ASKARI ANAKULA WAPI?

Askari asiyelipwa anakula alipo. Katika Walikale, tangu mwaka 2002 hivi, watu walianza kuchimba bati katika kilima cha Bisie, ndani ya pori. Miaka kati ya 2006 na 2009 kilima hicho kilikuwa mikononi mwa brigadi moja ya 85, iliyokuwa ya Leta kwa jina tu, watu wa Mai-Mai wasiokubali kuchanganywa na wengine. Walikata kodi kwa kila mzigo uliobebwa mgongoni. Walipoondolewa, wengine wakachukua fasi yao. Mwaka 2010 Prezidenti Joseph Kabila alifunga machimbo yote ya Kivu na Maniema kwa miezi sita, ili kukata uhusiano wa bunduki na madini. Katika Masisi, mambo hayo hayo yalionekana Rubaya, penye koltani, ambayo M23 waliikamata mwaka 2024.

Jeshi linaloishi kwa mlima linalinda mlima, halilindi kijiji. Mwishoni mwa mwezi wa 7 na mwanzoni mwa mwezi wa 8 mwaka 2010, katika njia ya Kibua na Mpofi, kwenye Luvungi na vijiji vingine 12 vya Walikale, watu 387 kwa uchache walitendewa jeuri ya mwili na vikundi vitatu vilivyoungana. Ndiyo hesabu ya ONU. Askari wa ONU walikuwa na kambi Kibua, si mbali. Leta haikuwa na mtu pale wa kusikia kilio.

V. NA JIRANI?

Desturi moja hailewi peke yake. Inasukumana na ya jirani. Rwanda ni inchi ndogo, isiyo na nafasi ya kurudi nyuma vitani. Wanaoitawala walipata mafundisho yao katika vita vya porini Uganda, wakaingia Rwanda kwa silaha mwaka 1990, na mwaka 1994 waliona mauaji ya kuangamiza Batutsi, huku ONU ikipunguza askari wake. Kumbukumbu hizo ziliwafundisha mambo mawili: usimtegemee mgeni, na vita vipiganwe inje ya mpaka. Toka mwaka 1996 tumeona mafundisho hayo Kivu. Mwaka 2024 wataalamu wa ONU waliandika kwamba askari wa Rwanda 3.000 mpaka 4.000 walikuwa upande wa M23. Rwanda ilikana, ikaonyesha FDLR kuwa hatari yake.

Kuieleza hofu ya jirani si kumpa haki ya kuvuka mpaka. Lakini tuone namna desturi hizi mbili zinavyolishana. Kinshasa inaegemea vikundi, na FDLR wakiwa kati yao, Kigali inapata sababu. Kigali ikivuka, Kinshasa inagawa bunduki tena. Mwezi wa kwanza mwaka 2025 Masisi-kati ilianguka, na tarehe 19 mwezi wa 3 M23 waliingia Walikale-kati, wakaondoka mwanzoni mwa mwezi wa 4. Hata kampuni iliyochimba bati Bisie ilikuwa imesimamisha kazi kwa muda. Pori lililodhaniwa kuwa mbali na kila vita halikuwa mbali tena.

VI. JUU YA NINI DESTURI HII HAIFI

Inadumu kwa sababu ina faida kwa yule anayeitumia. Mzalendo ni rahisi: hana mshahara, hana pansioni, akifa mjane wake hadai kitu Kinshasa. Anajua njia za pori kupita ofisa aliyetoka mbali. Akitenda mabaya, Leta inaweza kusema: si askari wangu. Na kwa kuwa yeye hana nguvu ya kufika Kinshasa, hamtishi mkubwa, lakini jeshi lenye umoja linaweza kumtisha. Kwa hesabu ya miezi sita, Leta haikosei.

Kwa hesabu ya miaka thelathini, inakosea sana. Kila bunduki iliyogawanywa bila mshahara inajitafutia chakula, na chakula hicho ni mihogo ya mama anayekwenda soko la Nyabiondo au la Mubi. Kila kikundi kilichotumiwa jana ni shauri la kesho. Na kila mara Leta inapompa mwingine kazi ya kulinda, inampa pia haki ya kukata kodi na kuhukumu, mpaka wakaaji wanasahau Leta ilikuwa kazi gani.

VII. TUJIBU NINI?

Seminari inatufundisha masharti matatu ya Mtakatifu Tomaso juu ya vita vya haki: mamlaka halali, sababu ya haki, nia nyofu. Watu wetu wanaangalia la pili tu. Wanasema: tumeshambuliwa, basi tuna haki. Sababu yaweza kuwa ya haki kabisa. Lakini sharti la kwanza halikuwekwa kwa heshima ya wafalme tu. Mamlaka halali ndiyo inayomlisha askari, inayompa amri, inayomhukumu akiua mtu asiye na silaha, inayomrudisha nyumbani vita vikiisha. Pasipo hayo, sababu njema inaoza mkononi mwa yule anayeitetea.

Basi kijana wa parokia akija kusema, «Padri, nataka kuingia katika Wazalendo», tusimtukane, wala tusimpe maneno matamu. Anaipenda inchi yake, na mara nyingi amekwisha kuzika ndugu. Tumuulize maulizo yale yale tuliyoiuliza Leta. Mkubwa wako ni nani, naye anajibu mbele ya nani? Utakula wapi? Ukiona mabaya, utayashitaki kwa nani? Na siku wakikuambia vita vimeisha, utarudi kwa njia gani? Akipata majibu ya kweli, ana akili ya kuamua. Asipoyapata, atakuwa amejua kitu ambacho waliokuja kumwandika hawakumwambia.

Wengine watasema: ni hivyo tangu Bula Matari, itabaki hivyo. Sivyo. Mwaka 2013 jeshi letu, likiwa na amri moja na posho iliyofika mbele, na likisaidiwa na brigadi ya ONU, liliwashinda M23 katika Rutshuru. Na mwezi wa 11 mwaka 2020, huko Goma, korti ya kijeshi ilimhukumu Ntabo Ntaberi Sheka kifungo cha maisha kwa mabaya ya Walikale, pamoja na yale ya Luvungi. Mtu huyo alikuwa ameomba kura mwaka 2011 huku akitafutwa na waranti. Wamama wa vijiji vile walisema mbele ya waamuzi, na waamuzi wakasikiliza. Hayo mawili yalifanywa na Leta yetu, kwa watu wetu. Katekista akiulizwa ulizo lile tuliloanza nalo, na ayataje hayo pia.